Njia ya Mtoro Nayo Ihifadhiwe

Tarehe 24 Januari 1943, mateka watatu wa vita kutoka Italia walitoroka katika kambi walimozuiliwa mjini Nanyuki. Nao walikuwa Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Ajabu ya kisa chao ni kwamba hawakuwa na mahali pa kukimbilia. Nchi zilizoizunguka Kenya zilikuwa mikononi mwa Waingereza au washirika wao, na nchi isiyokuwa vitani ilikuwa mbali mno kwa mtu wa kutembea kwa miguu. Walichokitaka watu hawa ni kuupanda Mlima Kenya, ambao walikuwa wakiuona kila uchao kupitia katikati ya seng'enge. Nyundo za kambini walizigeuza kuwa mashoka ya barafu, chakula walikidunduliza kidogo kidogo, na picha ya mlima iliyobandikwa kwenye mkebe wa nyama ndiyo iliyowasaidia kuyasoma majabali yake.

Barsotti aliugua, akabaki chini ya vilele. Wenzake wawili walikijaribu kilele cha Batian, dhoruba ikawarudisha. Lakini tarehe 6 Februari walifika Lenana, penye urefu wa mita 4,985, wakasimika bendera ya nchi yao. Kisha wote watatu waliteremka, wakaingia kambini kwa hiari yao. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, lakini mkuu wa kambi aliwaachilia baada ya siku saba kwa kuustahi ujasiri wao.

Benuzzi aliandika kitabu juu ya safari hiyo, na tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1952. Kwa sababu ya kitabu hicho, wapandaji wengi wanaoishika Njia ya Burguret, upande wa magharibi wa mlima, huelezwa na waongozaji wao kuwa wanazifuata nyayo za mateka wale. Njia yenyewe ilikuwa imemezwa na mianzi na vichaka kwa miaka mingi kabla ya kufyekwa na kutumiwa tena. Leo watu hutoka ng'ambo na kulipa fedha ili watembee mahali ambapo watu watatu walitembea kwa kuvizia.

Mimi sina ugomvi na jambo hilo. Kisa ni kizuri, nacho kimewapa riziki vijana wengi wa Nanyuki na Naro Moru. Hata hivyo, msomaji, ni haki tuulize: je, ni hao tu waliopata kukimbilia katika misitu ile? Haikupita hata miaka kumi tangu mateka wale warudi kambini, misitu hiyo hiyo ikawa maskani ya wapiganaji wa Mau Mau. Hawa hawakwenda huko kwa michezo. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanavijiji kuchimba handaki lenye urefu wa kilomita 80 hivi kando ya msitu wa Mlima Kenya, ndani yake yakapandwa miti iliyochongwa ncha, ili chakula kisiwafikie walioko ndani. Mapango waliyojificha yapo, na wageni huonyeshwa. Lakini chama chao kiliendelea kuwa haramu kisheria hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru waliouvujia damu. Wale watatu walipata kitabu upesi. Hawa walingoja nusu karne ndipo waruhusiwe kujitaja kwa jina.

Huenda msomaji wa Ngao akasema: hayo ni ya mlimani, sisi tunaoishi nchi tambarare yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, mto wetu umezaliwa huko huko. Maji ya Burguret, ni kweli, huteremka kaskazini hadi Ewaso Ng'iro. Lakini vijito vya upande wa kusini na mashariki mwa Mlima Kenya, pamoja na vile vya Nyandarua, ndivyo vinavyoungana kuwa Mto Tana, ambao baada ya mwendo wa kilomita 1,000 hivi hupita katika nchi yetu na kuingia Bahari ya Hindi huko Kipini. Na si maji peke yake yaliyoshuka. Watu waliokamatwa kwa kisa cha Mau Mau walishushwa vilevile hadi Hola, kando ya mto huu huu, ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa na askari hadi wakafa kwa kukataa kufanya kazi ya shokoa. Kwa hiyo mlima wa wakimbizi na mto wetu ni ndugu wa zamani.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niandike. Sisi wa huku chini tuna historia yetu ya kutoroka, iliyo kongwe kuliko zote mbili hizo, nayo haina njia iliyofyekwa wala kibao. Ni historia ya watoro.

Tuanze na mambo yanayojulikana. Katika karne ya 19 mashamba makubwa ya nafaka na minazi ya Malindi, Mambrui, Takaungu na bara ya Lamu yalilimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa mbali sana, katika nchi za Ziwa Nyasa na kusini mwa Tanzania ya leo. Mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la Zanzibar haukuikomesha biashara hiyo mara moja, kwani misafara iliacha bahari ikapita nchi kavu kuelekea kaskazini. Tangazo la kupiga marufuku misafara hiyo lilitolewa mwaka 1876. Ama utumwa wenyewe, katika pwani ya Kenya haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907, na hata hapo fidia ilipotolewa, waliolipwa ni mabwana wala si watumwa.

Katika miaka hiyo yote watu hawakukaa tu wakingoja sheria. Walitoroka. Wengine walikwenda kwa wamisionari wa Rabai, hata ilipofika Januari 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikalazimika kuwalipa mabwana ili kuwakomboa watoro zaidi ya 1,400 waliokutwa katika vituo vya misheni. Wengine hawakumtaka mmisionari wala bwana. Walijenga miji yao wenyewe bara, nyuma ya Malindi na Takaungu, mashuhuri ikiwa ni Fuladoyo na Makongeni. Fuladoyo ilihusiana na Mgiriama Mkristo aitwaye David Koi, ambaye aliuawa mwaka 1883 na watu wa pwani walioudhika kwa kuwa watumwa wao walipata pa kukimbilia. Frederick Lugard alipopita huko mwaka 1890 hakuwakuta watu wachache waliojibanza vichakani. Alikuta jamii zenye viongozi wa kuzungumza nao.

Wengine walielekea kaskazini, Witu. Huko Ahmed bin Fumo Luti wa ukoo wa Nabhani wa Pate, aliyejulikana kwa jina la Simba, alikuwa amejitenga na utawala wa Zanzibar tangu miaka ya 1860. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi, na mji wake msituni uliwapokea waliokimbia madeni, waliokimbia hukumu na waliokimbia utumwa. Mwaka 1885 Wajerumani waliiweka Witu chini ya ulinzi wao, na Oktoba 1890 jeshi la Waingereza liliuteketeza mji huo kwa moto baada ya Wajerumani kadhaa kuuawa huko. Lakini kwa karibu miaka thelathini neno Witu, kwa mtumwa wa shambani, lilikuwa jina la mahali ambapo bwana hakuweza kumfuata.

Sasa tazama ramani, msomaji. Witu iko ng'ambo ya Tana, mashariki mwa Garsen. Fuladoyo iko kusini, ng'ambo ya Sabaki. Katikati ya makimbilio hayo mawili limelala bonde la Tana na vijiji vyake vya Wapokomo, Ngao ikiwemo, na mbuga zake za Waorma. Hapakuwa nchi tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen walipiga kambi Ngao, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akaandika sarufi na kamusi ya Kipokomo katika miaka ya 1890. Wamethodisti walikuwa Golbanti, si mbali na hapo, ambako mwezi wa Mei 1886 mmisionari John Houghton na mkewe Annie waliuawa katika uvamizi wa Wamaasai. Bonde lenyewe, basi, lilikuwa likijua maana ya kukimbia. Wapokomo, sawa na jamii za Mijikenda, husimulia asili yao kuwa ni Shungwaya, kule kaskazini, ambako wazee wao waliondoka kwa kusukumwa na vita. Mtumbwi wa mto huu umelimishia watu na kuvulia samaki, lakini pia umewavusha watu usiku wakati adui yuko ukingoni.

Hiyo ndiyo historia ambayo ningependa ipewe njia. Na hapa yafaa tufikiri kwa makini, maana njia ya mtoro si kama njia nyingine. Njia ya msafara hutafuta visima, masoko na vivuko, nayo huacha alama kila inapopita. Ndiyo sababu Tanzania iliweza, mwaka 2006, kuiweka Njia Kuu ya Kati ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya mahali inapopendekeza pawe urithi wa dunia: Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, vituo vyote vyafahamika. Lakini mtoro huvikwepa visima vinavyojulikana. Husafiri usiku, hubadili upande, hufuta unyayo wake. Njia yake ikionekana, ameshindwa. Atakayetuambia kwamba mtoro fulani alikanyaga jiwe hili au alipumzika chini ya mkuyu ule, na atuambie amelijuaje.

Kwa sababu hiyo, kinachoweza kurejeshwa kwa ukweli si hatua za mtoro bali mahali alipofika. Tukizijua Witu, Fuladoyo, Makongeni, Rabai na vivuko vya Tana, tunaweza kutembea kutoka kimoja hadi kingine na kusema bila kudanganya: katika nchi hii, kati ya hapa na pale, watu walitafuta uhuru wao. Huo ni ukweli wa kutosha. Hauhitaji kupakwa rangi.

Na tukianza kuhesabu mahali pa kufikia, tutagundua jambo ambalo kisa cha Benuzzi hakikulihitaji, kwa kuwa yeye hakuhitaji kupokewa na mtu. Kila kutoroka kulikofaulu kulikuwa na watu wawili: aliyekimbia na aliyefungua mlango. Mtoro aliyekuja kutoka Mambrui bila jembe wala chungu hangeishi mwezi mmodi kama asingekuwapo mtu wa kumwonyesha kivuko, wa kumpa mbegu, wa kumnyamazia. Wazungu wa Pyrenees, milima iliyo kati ya Ufaransa na Hispania, walilitambua jambo hili. Katika Vita Vikuu vya Pili watu wengi walivuka milima ile kuwakimbia Wajerumani, na mwaka 1994 moja ya njia hizo, kutoka Saint-Girons, ilifunguliwa rasmi kuwa njia ya matembezi. Kila Julai watu huitembea kwa siku nne. Lakini wanaoadhimishwa katika njia ile si wakimbizi peke yao. Huadhimishwa pia wachungaji na wanavijiji waliokuwa wakiwavusha watu, na wengi kati yao walilipa kwa maisha yao.

Karibu nasi zaidi, katika Bahari yetu hii ya Hindi, kisiwa cha Mauritius kina mlima uitwao Le Morne, ambao watumwa waliotoka Madagaska, Msumbiji na kwingineko walijificha juu yake. Masimulizi ya huko husema kwamba mwaka 1835, utumwa ulipokwisha, askari walitumwa kupeleka habari njema, na waliokuwa juu, wakidhani wanakuja kukamatwa, wakajirusha majabalini. Mwaka 2008 UNESCO iliutambua mlima huo kuwa urithi wa dunia. Zingatia, mwalimu, kwamba uzito mkubwa wa ushahidi wake ulikuwa ni masimulizi ya watu. Wajukuu walisimulia, na wasomi wakasikiliza.

Sisi je? Watu waliokuwa na babu zao Witu na Fuladoyo wangali hai kando ya mito hii, lakini wengi hawasemi. Tunaijua sababu. Katika pwani yetu neno mtumwa lingali tusi, na ukoo wa mtoro huulizwa kwa kunong'onezwa wakati wa posa. Mtoto hufundishwa shuleni kwamba utumwa ulikuwa dhuluma, kisha akirudi nyumbani husikia kwamba aibu ya dhuluma hiyo ni ya aliyedhulumiwa. Huo ni upotofu. Kama kuna aibu, ni ya aliyenunua na aliyeuza. Aliyetoroka na kujenga mji msituni hana deni la heshima kwa mtu yeyote. Nadhani faida kubwa ya njia tunayoizungumzia, kuliko fedha za watalii, ni kuligeuza neno mtoro lisikike kama lilivyo: mtu aliyejikomboa mwenyewe kabla sheria haijamkomboa.

Hata hivyo tusipambe. Witu haikuwa pepo. Simba na waliomfuata walikuwa na watumwa wao, na baadhi ya watoro waliopewa bunduki huko waliwavamia wanyonge wengine. Vilevile si kila mwenyeji wa bara alifungua mlango. Wako waliomkamata mtoro na kumrudisha pwani ili wapate malipo. Mwanafunzi na aambiwe yote hayo. Historia inayotaja wema tu haimfundishi mtu kuchagua, na katika njia hii kila kijiji kilikuwa na la kuchagua.

Uchaguzi huo haukuisha mwaka 1907. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, katika tarafa yetu ya Garsen, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Riketa, Kilelengwani, Kipao: majina haya hayahitaji maelezo kwa msomaji wa huku. Maelfu walikimbia, wengine kwa mitumbwi kama babu zao. Chanzo kilikuwa na mambo mengi, siasa ikiwamo, lakini kiini chake kilikuwa njia. Mfugaji anahitaji malka, yaani ujia wa kuwafikisha ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi. Mkulima anahitaji shamba lake liende hadi ukingoni, ambako ndiko kwenye rutuba. Malka ikilimwa, ng'ombe huingia shambani. Ng'ombe wakiingia shambani, panga hutoka alani. Ajabu ya mwaka ule ni kwamba mwezi wa Septemba 2012, damu ikiwa bado mbichi, delta yetu iliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Dunia ilituambia kwamba mahali hapa pana thamani wakati ambapo sisi tulikuwa tukifukuzana humo.

Kwa hiyo mtu akija na mpango wa kufungua njia ya kutembelea Tana, swali la kwanza la wananchi litakuwa: njia hiyo inapita katika ardhi ya nani, na itamfungia nani? Ni swali la haki, na lazima lijibiwe kabla ya kufyeka hata kichaka kimoja. Tumeona kwingineko hifadhi ikitangazwa, halafu mwenyeji akaambiwa aombe ruhusa kupita alikopita babu yake. Njia ya kukumbuka watu waliotafuta uhuru ikiwa chanzo cha kumnyima mwingine malka au shamba, itakuwa dhihaka.

Napendekeza tuanze hivi. Kwanza, tuanze na shule wala si jembe. Mtaala wa umilisi unaofuatwa sasa unamtaka mwanafunzi afanye kazi ya kuihudumia jamii yake. Kazi gani inayofaa kuliko kwenda kwa wazee wa Ngao, Golbanti, Oda na vijiji vya Waorma, kuwauliza na kuandika: vivuko vya zamani vilikuwa wapi? Nani alikuwa mvushaji? Watu walijificha wapi vita vilipokuja? Ni nani waliokuja hapa wakiwa wageni na wakawa wenyeji? Maswali hayo hayamlazimishi mtu kutaja ukoo wake, na jina la mtu lisiandikwe bila idhini yake. Mwanafunzi wa Kipokomo na aende na mwenzake wa Kiorma, waulize pamoja. Wakirudi na masimulizi yanayopingana, mwalimu asiyasuluhishe haraka. Ayaandike yote mawili.

Pili, masimulizi hayo yapelekwe mbele ya wazee wa Gasa wa Wapokomo na wa Matadeda wa Waorma wakiwa wamekaa pamoja, ili wakubaliane ni mahali gani pawekwe alama. Mabaraza haya ndiyo yaliyosaidia kurudisha amani baada ya mwaka 2013, nayo yanaijua mipaka kuliko ramani yoyote ya Nairobi. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu mahali penye historia pahifadhiwe rasmi, na serikali ya kaunti iko Hola, ambapo ni mahali pa makumbusho penyewe. Lakini sheria ije kuthibitisha makubaliano, isije kuyachukua mahali pake.

Tatu, tuanze kwa kipande kifupi. Matembezi ya nusu siku kati ya Ngao na Golbanti, kando ya mto, yakiongozwa na vijana wa vijiji hivyo, yatatosha kwa miaka ya mwanzo. Yafanywe wakati wa ukavu, Januari hadi Machi, kwa sababu mvua kubwa za masika na mafuriko yatokayo juu hayachezewi. Aidha wanafunzi wasipelekwe ukingoni bila mtu anayemjua mamba na kiboko. Alama zisiwekwe palipo chini. Tana ni mto unaohama: katika karne ya 19 mfereji wa Belezoni uliounganisha mto huu na Ozi uligeuza mkondo wake, na leo tunaingilia bahari pengine kabisa na zamani. Anayeweka kibao karibu na maji atakikuta kimekwenda Kipini.

Kipande cha kwenda Witu na kingojee. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni na Gamba katika mwaka 2014, barabara ya Garsen hadi Lamu imekuwa na masharti yake ya usalama, na hakuna mzazi mwenye busara atakayemruhusu mtoto wake kutembea huko kwa ajili ya somo la historia. Siku itafika. Mpaka hapo, walimu wa Witu na walimu wa Ngao waandikiane, kila upande ukikusanya ya kwake.

Nne ni fedha, kwa maana hakuna jambo linalodumu bila mtu kulinufaikia. Kijiji cha Shimoni, kusini mwa pwani yetu, kinaendesha chenyewe pango lake lenye historia ya utumwa, na mapato yake yamesaidia shule na zahanati. Huo ni mfano wa kuigwa. Mgeni alipe, lakini amlipe aliyemwongoza na kijiji kilichompokea. Kampuni za mbali zikitangulia kuchapa vipeperushi, tutajikuta tunasimuliwa historia yetu na dereva wa basi la watalii.

Najua kuna watakaosema kwamba tuna shida kubwa kuliko hii. Ngao inahitaji maji safi, barabara isiyokatika wakati wa mvua, dawa hospitalini na walimu wa kutosha. Ni kweli tupu, wala sitaki shilingi hata moja itoke huko. Kazi ninayoisema inahitaji daftari, kalamu, na alasiri kadhaa za siku za Ijumaa. Kinachopungua kila mwaka ni wazee. Mtu aliyezaliwa wakati ambapo nyanya yake aliweza kumsimulia habari za utumwa aliouona kwa macho yake, leo ni mkongwe sana, na wengi wa namna hiyo tumekwisha kuwazika. Barabara ikicheleweshwa miaka kumi itajengwa. Neno lililokuwa kinywani mwa mzee aliyezikwa halijengwi tena.

Benuzzi aliweza kuandika kisa chake mwenyewe, kwani alikuwa na elimu, na baada ya vita alirudi kwao akiwa na jina lake. Mtoro wa Witu hakuwa na kalamu. Hata jina aliloitwa alipewa na bwana, na yawezekana alilitupa njiani. Aliyempokea naye hakuandika, kwa kuwa kuandika kungemsaliti mgeni. Wote wawili walitegemea kunyamaza ili waishi, na kunyamaza huko kuliwafaa kwa wakati wake. Sasa hakuna bwana anayewawinda. Jukumu la kuvunja kimya hicho limewafikia wajukuu wao walioko madarasani, na walimu waliokabidhiwa wajukuu hao. Muhula ujao, basi, mwalimu wa historia wa shule yoyote iliyo kando ya mto huu na awape wanafunzi wake swali moja la kwenda nalo nyumbani: nani aliwahi kukimbilia hapa kwetu, na nani alimfungulia mlango?